Safu ya "Kabla"

Jumamosi, 1 Februari

Dokta Mwita, mkuu wa tawi letu la chuo hapa Kahama, ameniagiza niweke kumbukumbu za kila siku za maandalizi ya shahada mpya, zije zitusaidie kuandika ripoti. Kumbukumbu za ripoti nitaziweka kwenye kompyuta ya ofisi. Hizi ni zangu.

Shahada yenyewe ni ya uzamili, kwa watu walio kazini. Nesi, mwalimu, ofisa wa kata na mtaalamu wa miamba wakae darasa moja bila mtu kuacha kazi. Kila mmoja aje na tatizo la kazini kwake, alitatue kwa kuazima maarifa ya fani mbili zisizo zake. Mimi nilikuwa ofisa afya kwa miaka kumi na mmoja. Mara mbili nilipata nafasi ya kusoma, na mara mbili niliambiwa nichague, kazi au darasa. Sitaki mtu mwingine wa huku aambiwe hivyo. Andiko la kuomba kibali linatakiwa kufika Tume ya Vyuo Vikuu tarehe 28 Machi, na mratibu ni mimi. Likikwama, limekwama mikononi mwangu.

Mvua imenyesha tangu asubuhi. Feisal, mume wangu, anasema nikiongea usingizini naongea habari za mtaala.

Jumanne, 4 Februari

Kikao cha kwanza cha kamati ya wadau. Tulikuwa tisa. Wanane walikubaliana ndani ya nusu saa kwamba madarasa yawe Jumamosi. Wa tisa ni Theonest, mwalimu wa hisabati wa sekondari, mrefu, mwembamba, ana pengo la jino la mbele na sauti ya chini.

"Jumamosi mimi sina nafasi."

"Una vipindi, mwalimu?"

"Hapana, mama."

"Kanisani?"

"Hapana. Nina shughuli."

"Shughuli gani hiyo inayoizidi shahada?"

Akatazama kucha zake. "Shughuli tu, mama."

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka nao. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu kwenye mishono. Nikajisemea, mtu anayekuja kikaoni na viatu vya shamba, elimu kwake ni mapambo. Kwenye muhtasari nimeandika: *Mjumbe mmoja alipinga bila kutoa sababu.*

Jumamosi, 8 Februari

Leo nimefurahi kuliko siku zote tangu tuanze.

Nimekwenda rashi ya Kunguru, machimbo mapya mbele ya Kharumwa, kumwona Bujiku. Dhahabu ilionekana pale mwaka juzi, watu wakamiminika. Sasa yapo maduara kumi na mawili, kila moja ni shimo la wima la mita hamsini na zaidi, na chini yake kuna njia za pembeni wanazofuata mwamba. Bujiku ana shahada ya jiolojia na ni msimamizi wa usalama wa kikundi chote. Nimemchagua awe mwanafunzi wetu wa mfano. Tatizo lake la kazini litaingia kwenye andiko kuonyesha Tume jinsi shahada itakavyofanya kazi.

Na ana tatizo zuri! Pale hakuna daftari la majina. Wachimbaji wanasema jina lako likiandikwa mdomoni mwa duara, umeshaitwa. Kwa hiyo kila anayeshuka anavua ndala zake na kuziacha juu. Jioni ndala zikiisha, watu wameisha. Ndiyo hesabu yao, na siku za jua inatosha.

"Sasa njoo kwenye mvua, mama," Bujiku akaniambia. "Maji yanasomba ndala. Zisiposombwa, zinaibwa watu wakikimbilia vibandani. Kwa hiyo siku ya mvua kila mtu anashuka na ndala zake kwenye mfuko. Na siku ya mvua ndiyo siku udongo unaachia. Siku tunayohitaji hesabu ndiyo siku hatunayo."

Jiolojia imo, mila imo, usalama umo. Nilikuwa naandika mpaka kalamu inateleza.

Akanipeleka nyuma ya kibanda chake. Alikuwa ametengeneza ubao mpana wenye misumari, na pembeni kisanduku cha vibati alivyokata kwenye madebe ya mafuta ya kula, kila kimoja kimegongwa namba. Mtu anachukua kibati, anakitundika, anashuka. Akipanda anakiondoa mwenyewe.

"Namba, siyo majina," akasema. "Wamo humu watu wasiotaka kujulikana. Wamo hata watumishi wa serikali, mama. Nisipowapa njia ya kujificha, hawatahesabika. Kesho nautundika."

"Usiutundike," nikamwambia.

Nikamweleza. Utafiti unataka tuone hali ya kabla na hali ya baada. Jedwali litakuwa na safu mbili. Safu ya "kabla" tuijaze kuanzia sasa mpaka mwisho wa Machi, siku ngapi idadi ya walio chini haikujulikana. Ubao uje Aprili, tujaze safu ya "baada". Akitundika kesho, ataharibu kipimo, na Tume itauliza tumejuaje kama ubao umesaidia. "Ukimpa mgonjwa dawa kabla hujampima, utajuaje kilichomponya?" nikasema, na nilijisikia vizuri kuisema.

Bujiku akatazama mawingu. "Mwezi wa tatu ndio wenye mvua, mama."

"Ndiyo maana takwimu zitakuwa nzuri."

Akafikiri kidogo. Anaitaka sana hii shahada. Amekwisha kuwaambia ndugu zake. "Wabeja, mama," akasema, asante, akachukua turubai akaufunika ubao.

Jumatatu, 10 Februari

Umeme hakuna, mtandao hakuna. Sikufanya lolote.

Alhamisi, 20 Februari

Kikao cha pili. Theonest amechelewa, amekaa nyuma, amesinzia. Tulipofika kwenye ratiba akaamka na kurudia wimbo wake: Jumapili mchana, au jioni za wiki, ila siyo Jumamosi. Nikamwambia mbele ya watu kwamba shahada inayonyumbulika haina maana ya kuvutwa na kila mtu upande wake. Wakacheka tena.

Baada ya kikao akanifuata koridoni. "Mama, mimi nataka kusoma. Usidhani sitaki."

"Basi acha hiyo shughuli."

"Nitaiacha. Siyo sasa."

Nikamwonea kinyaa kidogo, nasema kweli.

Jumapili, 2 Machi

Funga ya kwanza. Mvua kutwa. Uji wa futari umeungua, nilikuwa narekebisha malengo ya moduli ya tatu.

Alhamisi, 6 Machi

Bujiku amenipigia simu. Wiki iliyopita, siku nne kati ya sita hakujua watu wangapi wako chini.

"Mama, niruhusu nitundike. Duara namba saba matimba yake yameoza, maji yanaingia, na jamaa hawataki kusimama." Matimba ni zile nguzo za miti zinazoshikilia kuta.

"Wabadilishe matimba. Hilo sijakukataza."

"Nimewaambia. Ubao je?"

"Zimebaki wiki tatu, Bujiku. Nne kati ya sita! Hizo ni takwimu ambazo hakuna atakayezibishia."

Simu ikakatika. Nilidhani ni mtandao.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua kubwa, bati linapiga kelele mpaka adhana ya adhuhuri sikuisikia. Nilikaa nyumbani na ratiba ya miaka miwili. Bujiku amepiga mara mbili mchana, sikupokea. Nitampigia kesho.

Jumapili, 16 Machi

Duara namba saba lilititia jana saa tisa alasiri. Wametolewa wanne, wawili hai. Walionusurika walisema walikuwa wanne tu, na juu hakukuwa na ndala hata moja kwa sababu ya mvua. Leo saa sita mchana wamesimamisha kuchimbua, watu wakazike. Haya yote ni ujumbe wa Bujiku. Mwishoni ameandika: *Sina uhakika na hao wanne.*

Nimesema innalillahi. Halafu nitaandika na hili, maana kama siliandiki hapa sitaliandika popote: jambo la pili lililonijia kichwani lilikuwa kwamba tukio hili linaangukia ndani ya "kabla".

Jumatatu, 17 Machi

Saa nne asubuhi mwanamke mmoja aliketi kwenye benchi nje ya ofisi yangu, mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi amemlalia mapajani. Alikuwa amevaa nguo za kutokea, kitenge kimepigwa pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nikusaidie nini?"

"Mimi naitwa Nyamizi, Mama Limi, mke wa mwalimu Theonest. Nimekuja kuuliza kikao kitaisha lini."

"Kikao kipi, Mama Limi?"

"Cha chuo. Si kila Jumamosi anakuja kwenu? Sasa hii ya juzi hajarudi. Jana nikasema labda mmewalaza hukohuko, mna semina. Simu haipatikani. Leo wamenipigia kutoka shule, wanasema hajafika. Ndio nikaona nije niulize." Akatabasamu kwa aibu, kama mtu anayesumbua wakubwa. "Huwa anarudi amechoka sana. Anasema mnawafanyisha kazi nyingi."

Nilimwambia anisubiri. Nikaenda mwisho wa koridoni, nikampigia Bujiku.

"Bujiku, kuna mwalimu anachimba hapo?"

"Mwalimu? Hapana. Simjui mwalimu."

"Mrefu, mwembamba. Pengo la jino la mbele."

Nikasikia karasha linasaga mawe kwa mbali.

"Huyo tunamwita Hesabu," akasema. "Anakuja Jumamosi tu. Hasemi anatoka wapi. Anachimba namba saba."

"Juzi alishuka?"

"Sijui."

"Bujiku!"

"Sijui, mama! Mvua ilikuwa inapiga, ndala hakuna, ubao hakuna, nitajuaje?" Halafu sauti ikashuka. "Kuna pikipiki nyuma ya kibanda cha mama ntilie. Iko pale tangu Jumamosi. Tulidhani mwenyewe amekwenda msibani."

Nikarudi kwenye benchi. Limi alikuwa ameamka, anachezea kamba ya pochi ya mama yake.

"Mama Limi," nikasema, "Jumamosi sisi hatujawahi kuwa na kikao. Hata siku moja."

Hakulia. Alianza kumfunga mtoto viatu, akavifunga, akavifungua, akavifunga upya.

Jumanne, 18 Machi

Tulilala Kharumwa, mimi na Nyamizi, alfajiri tukawa Kunguru. Walianza tena kuchimbua jana jioni, watu thelathini, wanapokezana. Sijapata kuona watu wanafanya kazi kwa namna ile. Wamesikia anayetafutwa ni Hesabu, mtu wao. Mmoja wa wale wawili walionusurika alikaa pembeni anarudia maneno yaleyale: yeye alikuwa njia ya kulia, Hesabu huwa anapenda njia ya kushoto, peke yake, na hakumwona akishuka.

Nilikwenda nyuma ya kibanda. Ubao uko palepale chini ya turubai. Nilihesabu hatua mpaka kwenye duara. Ishirini na mbili.

Jumatano, 19 Machi

Wamempata saa tatu asubuhi.

Njia ya kushoto haikuporomoka. Iliziba tu mlangoni. Hakuwa na jeraha. Alikuwa amevua shati, amelikunja vizuri, amelalia. Mfuko wa ndala ulikuwa ubavuni kwake. Mganga aliyempima alisema hewa ilimwishia taratibu. Nilimuuliza lini. Akaniangalia, akajua nauliza nini, na hata hivyo akanijibu. "Huenda Jumatatu."

Jumapili saa sita waliacha kuchimbua, na alikuwa hai. Jumatatu saa nne mke wake alikuwa kwenye benchi langu, na huenda alikuwa hai.

Bujiku alilifunua lile turubai mwenyewe, akabeba ubao kichwani, akaupigilia kwenye nguzo mbili mbele ya watu wote. Kila msumari wa nguzo aliugonga mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alipomaliza alipita karibu yangu.

"Mimi nilijua," akasema. "Nilijua na nikakusikiliza. Sasa usiniite mwanafunzi wako."

Ijumaa, 21 Machi

Mwili umesafirishwa kwao Muleba. Shule imetoa basi. Nimebaki. Sikuona uso wa kwenda nao.

Jumatatu, 24 Machi

Dokta Mwita ameniita. Amesoma rasimu. "Msiba ni msiba, Shamimu, nami nimeumia. Lakini kitaaluma, hii safu ya 'kabla' haijawahi kuwa na nguvu kama sasa. Ukifika hapa, msomaji anashika kichwa."

Nilitaka kumtupia lile faili. Mkono ukashindwa, maana hakuwa amesema la kwake. Alikuwa ananirudishia maneno yangu ya Februari, na mimi niliyasema nikiwa nimesimama hatua ishirini na mbili kutoka pale mtu alipokuja kufia.

Ijumaa, 28 Machi

Andiko limekwenda. Jedwali nimeliacha, na chini yake nimeandika aya moja: kwamba kifaa cha kuokoa kilikuwa tayari tarehe 8 Februari, kwamba mratibu alizuia kisitumike ili kipimo kisiharibike, kwamba mtu mmoja hakutafutwa kwa sababu hakuhesabiwa. Na kwenye kanuni za shahada nimeongeza ya kwanza kabisa: mwanafunzi akiona hatari kazini kwake, anaiondoa siku hiyohiyo, utafiti utakuja nyuma yake.

"Tutakataliwa," alisema Dokta Mwita.

"Tukataliwe."

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nimepika pilau, sikula.

Alhamisi, 10 Aprili

Watathmini watatu kutoka Tume wamekaa nasi kutwa. Nilimwalika Bujiku, akajibu kwa maneno mawili: *Nina kazi.* Mama mmoja mtu mzima, profesa, alifungua ukurasa wa jedwali, akaniuliza bila kuinua macho, "Huyu mratibu anayetajwa hapa ni nani?"

"Ni mimi."

Waliokuwa wanaandika wakaacha.

"Na bado unataka kuiongoza hii shahada?"

Nikasema sijui. Nikasema ninachojua ni kwamba manesi na walimu wa huku bado wanaihitaji, na kwamba Theonest naye aliihitaji. Profesa akanisogezea chupa ya maji.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nimekwenda kwa Nyamizi na mchele na sukari. Alinikaribisha, akanipa chai, akaniuliza hali ya nyumbani. Hakuuliza kingine chochote. Ningeona afadhali anitukane. Limi amejifunza kuhesabu mpaka kumi, alinihesabia mara tatu.

Jumatatu, 28 Aprili

Tumekubaliwa. Darasa la kwanza litaanza Oktoba, siku za Jumamosi. Barua inatupongeza kwa uwazi na inataka safu ya "baada" ijazwe kabla ya mwisho wa mwaka. Dokta Mwita ameagiza soda za ofisi nzima. Yangu nimemwachia mlinzi.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua zimekatika. Leo Feisal amenipeleka Kunguru kwa gari la dukani kwake. Nilitaka kumwambia Bujiku ana kwa ana kwamba Tume imekubali, na kwamba nafasi yake ipo akitaka, chini ya mwalimu mwingine, siyo mimi.

Alinisikiliza amesimama. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Wameizungushia kamba sehemu yote ya maduara, na pa kuingilia ni mahali pamoja tu, penye ubao. Nikaomba nisogee mpaka lilipokuwa duara namba saba, sasa limefukiwa. Akanipa kibati.

"Hata mgeni?"

"Yeyote anayevuka kamba."

Nikatundika. Ilikuwa namba arobaini na moja. Nilisimama pale kwenye udongo mpya, nikamsomea Theonest Fatiha, dua ninayoijua mimi, sijui kama ilimfaa. Macho yalikuwa yamenijaa. Nikatoka, nikapanda gari, tukaondoka.

Tulikuwa tumeshaianza lami, tumebakiza nusu saa kufika Kahama, simu ikalia. Bujiku.

"Uko wapi, mama?"

"Njiani. Tunakaribia mjini."

Alishusha pumzi ndefu, nikaisikia. Nyuma yake palikuwa na sauti za watu wengi na hakukuwa na mlio wa karasha.

"Arobaini na moja bado iko ubaoni," akasema. "Watu wamepanda kwenda kula, vibati vyote vimetoka, kimoja kimebaki. Hakuna aliyekuona ukitoka. Tumezima mashine zote. Kuna jamaa wanne wako chini sasa hivi wanapita njia moja moja, wanakuita."

"Wananiita mimi?"

"Hawajui jina lako. Wanaita namba."

Nikamwekea Feisal mkono begani, apunguze mwendo.

"Nitawaambia wapande," akasema Bujiku. "Lakini kibati siwezi kukigusa, mama. Tumekubaliana hapa, kinaondolewa na mwenyewe, kwa mkono wake. Kazi haitaanza mpaka kitoke."

"Watu wangapi wanangoja?"

"Sitini na watatu. Sasa najua."

Nikamwambia Feisal ageuze gari.